Nilivyoizoea mashine ya kukereza: swichi kwanza, patasi baadaye

Mashine ninayokerezea miguu ya meza na nguzo za ngazi hapa Keko, Dar es Salaam, yaani ile inayouzungusha mti huku patasi ikiuchonga uwe mviringo, imeundwa kwa vyuma vya kuchomelea. Fundi wa vyuma aliunga chaneli mbili zikawa kitanda chake, akafunga beringi na shafti upande mmoja, na upande wa pili akaweka skrubu ndefu ya kubania mti. Mota yake ni ya fezi moja, inazunguka mara 1440 kwa dakika, na nguvu inafika kwenye shafti kwa mkanda. Niliinunua kwa fundi aliyekuwa anahama. Ilipofika bandani haikuwa na kifuniko cha mkanda wala swichi. Iliwashwa kwa kuchomeka plagi ukutani.

Oda ya miguu ya meza ilikuwa inanisubiri, na wenzangu walitegemea nianze siku ileile. Sikuanza, na sababu yangu ilikuwa umeme. Banda letu lina luku moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, sisi mafundi tuko wengi. Uniti zikiisha katikati ya kazi, mashine zote zinasimama, watu wanatoka kunywa chai, mmoja anashughulika na simu kununua umeme. Akishabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita, kila mashine iliyoachwa bila kuzimwa inaanza kuzunguka yenyewe. Na umeme unapokatika ndipo mtu wa kukereza anapopata wasaa wa kuinama, kupima unene, kupapasa mti kwa vidole, kulegeza egemeo la patasi alisogeze. Mkono unakuwa mahali pabaya kuliko wakati wote wa kazi, na anayerudisha umeme yuko nje, hakuoni.

Kwa hiyo pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye stata, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani yake mna kontakta, yaani swichi inayoshikwa na sumaku ya koili. Umeme ukikatika, koili inakosa nguvu, kontakta inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachotokea mpaka mtu abonyeze kijani. Ndani ya boksi hilohilo kuna kinga inayokata umeme mota ikielemewa, jambo ambalo kwa mota ya fezi moja linaokoa pesa nyingi. Nilimwomba fundi umeme aifunge upande wa kushoto, usawa wa kiuno, ili kitufe chekundu nikifikie bila kupitisha mkono juu ya mti unaozunguka. Alishangaa kidogo, maana ukutani ndiyo rahisi kufunga. Lakini mti ukipasuka unataka kuzima huku unarudi nyuma, na ukutani hutafika.

Kingine kilichofanyika kabla ya patasi kugusa mti ni kufunika mkanda kwa bati na kuifunga miguu ya mashine kwenye sakafu ya zege kwa bolti, kisha kuweka mifuko ya mchanga juu ya fremu chini ya kitanda. Mti usio na mizani huitikisa mashine, na mashine inayotembea huwezi kuiongoza.

Baada ya hapo nikaanza kusoma mwendo. Nina puli za kubadilisha: inchi 3 kwenye mota na inchi 6 kwenye shafti hunipa mizunguko 720 kwa dakika, puli zikilingana napata 1440 kamili. Wakerezaji wengi duniani hutumia hesabu hii: zidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10 basi linataka mizunguko kati ya 600 na 900. Ukiliweka kwenye 1440, ukingo wake unakimbia karibu kilometa 69 kwa saa, mwendo wa gari kwenye barabara ya lami, na kinachoushika ni skrubu chache tu. Mguu wa meza wa inchi 3 haufiki hata nusu ya hatari hiyo, lakini nao naanza kwa 720 ungali na kona, napandisha ukishakuwa mviringo. Kona zenyewe nazipunguza kwa randa kwanza mpaka mti uwe na pande nane. Wenye haraka huruka hatua hii, mimi sikubali. Mti wa inchi 3 kwa 3, ukipimwa kona kwa kona, unazidi inchi 4, na kila kona ikipita inaipiga patasi.

Mti nauchagua kwa macho na kwa sikio. Naugonga, mti mzima unaitika, wenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Fundo legevu, ufa wa kichwani, gundi ambayo haijakauka vizuri, vyote hivyo vinarudi kwenye rundo hata kama mninga wenyewe ni wa bei. Nikishaubana, nausogeza kwa mkono mzunguko mzima kuona kama unagusa egemeo. Egemeo nalikaza milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mti. Likiwa mbali zaidi, patasi inaning'inia bila kitu cha kuibeba na mti unaivuta chini. Spana natoa. Nasimama pembeni, si mbele ya mti, ndipo nabonyeza kijani. Baada ya dakika chache nazima na kukaza tena ile skrubu ya nyuma, kwa sababu nyuzi za mti hubonyea na kulegea.

Upande wa patasi ndio unaochukua muda mkono kuzoea. Chuma kinagusa egemeo kwanza, kisha ule mteremko ulionolewa unalala juu ya mti bila kukata, halafu unanyanyua mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Na unakwenda kutoka palipo panene kuelekea palipo pembamba, ili nyuzi zinazokatwa zishikiliwe na zilizo chini yake. Ukianza na ncha, mti unainasa patasi na kuibamiza kwenye egemeo kabla hujajua kimetokea nini. Ndiyo maana nilikataa patasi zilizofuliwa kutokana na tupa chakavu, ambazo hapa zinauzwa sana. Chuma cha tupa kinashika makali kweli, ila ni kikavu, kikinaswa kinaweza kuvunjika ghafla. Cha springi ya gari kinavumilia zaidi. Na ile patasi pana ya kukwangulia mti mraba uwe mviringo haiingii kabisa kwenye bakuli: mkia wake unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, hauhimili kupigwa na nyuzi za kukingama.

Makali yakififia nazima na kunoa. Mtiki, kama huu unaotoka shamba la miti la Longuza kule Muheza, una chembe za silika zinazomaliza makali haraka, na patasi butu humfanya mtu asukume. Anayesukuma ndiye anayenaswa.

Kijana ninayemfundisha aliniuliza, "Fundi, glavu si zinakinga mkono?" Kwenye kubeba mbao, ndiyo. Hapa hapana. Kitambaa kikishikwa na mti unaozunguka kinaingia na kidole, na kidole na mkono. Kwa hiyo mikono ya shati juu ya kiwiko, pete na bangili mezani, kamba ya kitambulisho shingoni ivuliwe. Mwenzake, binti aliyekuja baadaye, anauingiza mtandio wote ndani ya dastikoti na kufunga vifungo mpaka juu. Nilimwambia kazi hii haimtaki avue staha yake, inataka tu pasiwe na kinachoning'inia. Msasa nao una sheria yake: egemeo linaondolewa kabisa, kipande cha msasa kinashikwa kwa chini ya mti, hakizungushwi kwenye vidole. Nta au vanishi napaka kwa karatasi laini inayochanika, kamwe si kwa tambara.

Vumbi ndilo jambo ninalogombana nalo zaidi na wenzangu, kwa sababu haliumizi siku ileile. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mvule na mninga huwasha watu wengi pua na kifua, mpingo huwasha hata ngozi. Miwani pekee haitoshi. Navaa kinga ya uso mzima, kwa kuwa kipande kikiruka kinaweza kutua kwenye taya kama kwenye jicho, na barakoa ya N95 chini yake. Feni nimeiweka nyuma yangu ikipuliza kuelekea mlangoni.

Matendegu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Zanzibar yanaonyesha jinsi kazi hii ilivyo na mizizi pwani kwetu. Nikiyaangalia nawaza kwamba kerezo la upinde, lile la kale lililozungushwa kwa mkono, lilisimama pale mkono uliposimama. Mota haijui mkono wangu uko wapi, na kwa sababu hiyo vijana wangu hawapewi patasi wiki ya kwanza. Wanabana mti, wanazungusha kwa mkono, wanawasha wakiwa wamesimama pembeni, wanazima, wanafungua, wanarudia. Halafu wanapewa tawi bichi la mwembe, laini, mwendo wa 720.

Sasa naweka akiba ya mota ya fezi tatu na inveta, kifaa cha kuongozea kasi ya mota, ili nibadili mwendo kwa kuzungusha kitufe badala ya kuhamisha mkanda. Stata ya zamani nitaihamishia kwenye msumeno wa meza wa jirani yangu, ambao bado unawashwa kwa plagi.