Mipira ya mafuta kwenye gari la zamani: soma maandishi yake kabla ya kuikata

Mpira wa mafuta, yaani ule wa kupitishia petroli kutoka tanki hadi injini, huanza kufa ndani. Kwa nje unaweza kuwa mweusi na kung'aa, kumbe tabaka la ndani limeshaanza kubanduka, na vipande vyake vinasafiri na petroli hadi kwenye jeti, vile vitundu vyembamba vya petroli ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Kwa hiyo kuutazama tu ukiwa umefungua boneti hakutoshi. Ukunje taratibu karibu na klampu, ule mkanda wa chuma unaoubana, kisha mulika mgongo wa hiyo kona kwa tochi: nyufa nyembamba sana zitajitokeza hapo kabla ya mahali pengine popote. Ubinye. Kama umekakamaa na hauitiki, au umelegea na unanata vidoleni, muda wake umekwisha. Mwisho pitisha kitambaa cheupe kwa chini yake. Kikitoka na weusi au unyevu wenye harufu ya petroli, mafuta yanapenya kwenye raba yenyewe hata kama hakuna tone lililoanguka.

Mipira iliyovikwa nyuzi za kusokotwa, ile inayoonekana sana kwenye magari ya Kijerumani ya miaka ya 1960 na 1970, haipimiki hivi, kwa sababu nyuzi huficha nyufa. Hapo tegemea tarehe. Kama haijulikani ilifungwa lini, itoe yote.

Ethanoli, alkoholi inayochanganywa kwenye petroli, ina mchango mkubwa katika uharibifu huu. Raba ya zamani iliundwa kwa ajili ya petroli isiyo na ethanoli. Petroli yenye ethanoli ya asilimia 10 huivimbisha raba hiyo na kuchukua vilainishi vinavyoifanya inyumbulike. Gari likiegeshwa miezi kadhaa na mipira ikakauka, raba iliyokwisha kupoteza vilainishi husinyaa na kupasuka. Ndiyo sababu gari linalotunzwa chini ya turubai mara nyingi lina mipira mibovu kuliko linalotembea kila wiki.

Sasa ununuzi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mpira wa kweli wa mafuta una maandishi yaliyochapwa kwa urefu wake: kiwango, kipimo cha ndani, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Katika SAE J30, kiwango cha Marekani cha mipira ya mafuta, R6 na R7 ni za presha ndogo, yaani magari ya kabureta. R9 ni ya magari ya injeksheni, yanayopuliza petroli kwa presha kubwa badala ya kutumia kabureta, na ina utando wa ndani wa raba ya florini, ambao huvumilia ethanoli vizuri zaidi. Kwa maoni yetu, hata gari la kabureta lifungwe R9. Pampu ya kimekanika husukuma kwa presha ndogo tu, takriban bar 0.2 hadi 0.4, kwa hiyo hatuitaki R9 kwa sababu ya presha. Tunautaka ule utando wa ndani. Kasoro yake ni ugumu: haupendi kona kali, na ukiulazimisha unajibana katikati na kukata mafuta. Pale penye kona ya karibu, uache mrefu kidogo upite kwa upinde mpana, au tafuta kipande kilichotengenezwa tayari na kona yake.

Mpira unaokaa ndani ya tanki, ukizama kwenye petroli, ni habari nyingine. Huo lazima uwe R10, kwa sababu ganda la nje la mipira ya kawaida halikutengenezwa kuloweshwa. Na ule wa plastiki angavu unaowavutia watu kwa kuwa unaonyesha mafuta yakipita, usiufunge kabisa karibu na injini. Joto na petroli huukausha, unakuwa wa manjano na mgumu, kisha unateleza na kuchomoka.

Kipimo kinachohesabika ni kipenyo cha ndani. Pima bomba la chuma kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Usiupime mpira wa zamani, kwa maana umeshatanuka. Bomba la milimita 8 huchukua mpira wa inchi 5/16, ambao ni milimita 7.9. Lakini bomba la milimita 6 halikai vizuri kwenye mpira wa inchi 1/4, kwa sababu huo ni milimita 6.35 na utabaki na nafasi. Watu hujaribu kuizima nafasi hiyo kwa kukaza klampu mpaka mwisho. Mpira hujikunja chini ya klampu, na mafuta hupita kwenye ule mkunjo.

Klampu nazo zichague kwa makini. Zile za mkanda wenye matundu, zinazokazwa kwa skrubu yenye meno, hukata raba kupitia matundu yake. Chukua zile ndogo za mkanda laini wenye kingo zilizokunjwa kwa nje, zinazokazwa kwa boliti na nati, za saizi inayolingana na kipenyo cha nje cha mpira. Usirudishe klampu za zamani.

Kabla ya kufungua chochote, lala chini ya gari na ufuate njia nzima ya mafuta, kuanzia tanki hadi kabureta, ukiandika kila kiungo. Mara nyingi kipande kibaya kuliko vyote ni kile kifupi kilicho juu ya tanki au juu ya giaboksi, kisichoonekana. Usisahau mpira wa kurudisha mafuta, ule wa kupumulia tanki, na ule mnene wa shingo ya kujazia. Badilisha vyote kwa mkupuo mmoja, vilizeeka pamoja.

Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa baridi kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni na kujikusanya shimoni, kwa hiyo shimo la gereji si mahali pa kazi hii, wala popote karibu na jiko au hita yenye moto. Toa waya hasi wa betri. Fungua kifuniko cha tanki ili presha itoke, kisha kifunge tena. Tumia tochi ya LED, si taa ya balbu ya moto inayoweza kupasuka ikidondokewa na tone. Mtungi wa kuzimia moto wa unga ukae karibu na mkono wako. Tanki likiwa karibu tupu kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu likiwa juu kuliko kiungo unachofungua, petroli itashuka yenyewe bila kukoma. Andaa boliti isiyo na meno, ya saizi ya mpira, ya kuuzibia.

Mpira wa zamani usiuvute. Utakuwa umeganda kwenye bomba, na nguvu unayotumia huishia kwenye kitu dhaifu zaidi. Kwenye kabureta nyingi, kijibomba cha kuingizia mafuta ni cha shaba, kimeshindiliwa tu kwenye mwili wa kabureta, bila meno ya skrubu ya kukikaza. Ukikivuta leo, kinaweza kuchomoka wiki ijayo injini ikiwa inawaka, na petroli ikamwagika juu ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi na kutoa cheche. Pasua mpira kwa urefu kwa wembe ulioulaza, bila kuugusa chuma, kisha umenye. Baada ya hapo kizungushe kijibomba hicho kwa vidole. Kikicheza, gari lisiondoke mpaka kirekebishwe.

Safisha ncha ya bomba kwa sandpepa laini, kwa kuizungusha. Mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya kuvujia. Ondoa kutu na ufute vumbi. Kata mpira mpya kwa wembe mpya, mkato ulionyooka. Koleo huuponda na kuacha ncha za nyuzi. Pulizia ndani utoe chembe za raba, vinginevyo zitaishia kwenye vali ya floti, ile inayodhibiti petroli inayoingia kabureta. Uvike mpira klampu kwanza, lainisha ncha kwa tone la oili safi ya injini, sukuma mpira uingie kama milimita 25 pale bomba linaporuhusu. Kama bomba lina ukingo uliotuna, klampu ikae nyuma ya ukingo huo, si juu yake. Kaza hadi raba ianze tu kutuna kidogo pembeni mwa mkanda, kisha acha.

Chujio la petroli lifuate mshale wa mtiririko na lisikae juu ya distributa wala karibu na bomba la moshi. Pale mpira au bomba linapopita kwenye tundu la bati, pawe na raba ya kuzuia msuguano.

Kwa jaribio la kwanza, toa waya wa koili (kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche) wa upande wa swichi, kisha rudisha betri. Ukiacha koili imeunganishwa, platini, yaani swichi ndogo ya ndani ya distributa, zikiwa zimefungana na swichi imewashwa bila injini kuwaka, koili huchemka. Piga stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka kabureta ijae. Kama pampu ni ya umeme, swichi pekee inatosha. Zungushia kila kiungo karatasi ya shashi kavu. Unyevu usioonekana kwa jicho utaonekana kwenye karatasi.

Upande wa kati ya tanki na pampu una hila yake: pampu hufyonza, kwa hiyo kiungo kilicholegea huenda kisidondoshe chochote injini ikiwaka, bali huingiza hewa. Gari litawaka vizuri na kutulia, kisha likose nguvu mlimani. Kabla ya kuilaumu pampu, rudi kwenye viungo hivyo.

Kila kitu kikiwa kikavu, rudisha waya wa koili, washa injini dakika 10 na ukague tena ikiwa ya moto. Kesho yake, ikiwa baridi, kaza kidogo kila klampu kwa spana. Raba mpya hujikandamiza na klampu huwa zimelegea kidogo. Andika tarehe kwenye kikaratasi na ukifunge kwenye mpira. Kagua kila mwaka, na uibadilishe mipira ya chumba cha injini kila baada ya miaka 5 hivi, hata kama bado inaonekana mizima.