Mwizi Akikupa Mgongo: Nilivyoandika Upya Amri ya Lindo la Bunduki

Amri ya lindo niliyoikuta ilikuwa na sentensi moja tu kuhusu silaha: "Bunduki itumike inapobidi." Mlinzi akiikumbuka saa nane usiku, mtu anaruka ukuta na betri ya gari begani, haimsaidii kitu. Inapobidi kwa nani, na kwa ajili ya nini? Niliifuta, nikaandika ukurasa mmoja unaojibu swali hilo kabla ya usiku kuingia. Ninaeleza nilichokiweka na sababu zake, kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asizichukue namba hizi.

Nilianza na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 19 kwa namba zilizozoeleka. Kama una toleo jipya, fuata vichwa vya vifungu kwa sababu namba huhama. Kifungu cha 18A kinakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwingine, na kulinda mali, ikiwemo mali ya mwajiri uliyokabidhiwa. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Cha 18B ndicho chenye breki: nguvu iwe ya kadiri, inayohitajika kwa ulinzi huo na si zaidi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lolote litakalotokana na ziada hiyo, na mtu akifa kwa ziada hiyo ni kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Cha 18C ndicho kinachopotosha watu. Kinaeleza ni lini haki ya kujilinda inafika hadi kuua au kujeruhi vibaya, na katika orodha yake mna uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto. Mwenye leseni ya bastola akiona "uvunjaji wa nyumba" anahisi amepewa ruhusa. Rudi kwenye mistari ya mwanzo ya kifungu hichohicho: lazima uwe umetenda kwa nia njema, ukiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba kitendo chako ni cha lazima ili kuokoa uhai, kiungo au mali. Neno zito hapo ni "lazima". Mtu aliyekwisha toka dirishani mikono mitupu hana tena kitu chako cha kuokolewa. Ukimpiga, umeadhibu, na adhabu ni kazi ya mahakama.

Anayekimbia na mali mkononi ndiye mgumu, sikatai. Wakili mzuri atasema mali ilikuwa bado inaporwa, na sheria yetu inataja mali waziwazi. Lakini hakimu atauliza kilo ngapi za nguvu kwa kilo ngapi za nondo. Atauliza pia kama ulikuwa na filimbi, simu, mwenzako getini, namba ya pikipiki iliyomsubiri nje. Kwa hiyo kwenye amri yangu sikuliacha hilo libishaniwe usiku: mali peke yake haipigiwi risasi. Nafahamu nimebana kuliko maneno ya kifungu yenyewe. Nimebana makusudi, maana anayebaki mahabusu akisubiri wakili apime maneno ni mlinzi.

Kifungu cha 19 kinahusu ukamataji. Mtu akishtakiwa kwa nguvu aliyoitumia kumkamata anayepinga au anayekimbia, mahakama itaangalia uzito wa kosa la huyo anayekamatwa na mazingira yake. Aliyetoka kumkata mtu panga hapimwi kwenye mzani mmoja na aliyebeba kuku. Na mlinzi wa kampuni, hata avae buti na kofia vipi, ni raia. Anaweza kumkamata mtu kwa kosa lililotendeka mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hata polisi wenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haiwaruhusu wakati wa kukamata kufanya jambo linaloweza kuua isipokuwa wanaamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima ili kulinda uhai au kuzuia mtu asiumizwe vibaya. Mlinzi hawezi kuwa na kamba ndefu kuliko askari.

Kutoka hapo "inapobidi" ikageuka swali moja lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: NISIPOPIGA SEKUNDE HII, NANI ATAKUFA AU KUUMIZWA VIBAYA? Jibu liwe mtu: mimi, Juma wa geti la nyuma, mama aliye ndani. Likiwa televisheni, betri au mtambo wa maji, kidole kinabaki nje ya kilinda kifyatulio.

Swali hilo linashughulikia pia yule anayekimbia huku bado ni hatari. Anayerudi nyuma huku anafyatua, anayekimbilia mlango wa chumba walimolala watoto, anayemfuata mwenzako akiwa na panga: miguu inakimbia lakini tishio lipo palepale. Aliyeitupa panga akashika njia amebadilika, na wewe ubadilike naye. Haki ya kujilinda huisha pale tishio linapoisha, hata kama hasira yako ndiyo kwanza inapanda.

Ukurasa peke yake hautoshi, kwa hiyo kila mwezi swali lile tunalifanyia zoezi bila risasi, bunduki imefunguliwa na chemba imekaguliwa na watu wawili. Mtu mmoja anasimama mita saba mbele ya mlinzi, ameshika fimbo kama panga. Anapiga hatua moja mbele, kisha anageuka ghafla na kukimbia. Mlinzi anatakiwa aseme "paa" pale anapoamua kufyatua. Sauti ikitoka, mkimbiaji mara nyingi amekwisha geuka na kupiga hatua mbili tatu. Tunachora mstari kwenye vumbi pale mguu ulipokanyaga. Jicho liliona kifua, lakini risasi ingeingia mgongoni.

Zoezi hilo lina faida mbili. Linamzoesha mlinzi kusita pale bega la mtu linapoanza kuzunguka. Na linamfundisha kwamba tundu la mgongoni litaonekana kwenye ripoti ya daktari, na ni yeye atakayelieleza. Si kila tundu la mgongoni ni kosa, lakini kila moja linadai maelezo, na maelezo hayo huwa mazuri zaidi yakiwa na shahidi au kamera.

Halafu yale ambayo kila kijiwe cha walinzi kinayaamini. La kwanza ni risasi ya hewani. Hakuna kifungu kinachosema ukipiga moja juu, ya pili inakuwa halali. Kila risasi inajibiwa kivyake. Na ya juu haipotelei mbinguni: ya bastola ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na mitaa yetu ni mabati. Nimeiondoa kabisa. Badala yake kuna filimbi, taa kali ya machoni na kauli tatu kwa sauti: "Mlinzi! Simama! Nina bunduki!" Muda ukiruhusu.

La pili ni "piga miguu". Kwenye paja unapita mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Sheria haiutambui mguu kama mahali pa bei nafuu. Kufyatua kuelekea mwili wa mtu ni kutumia nguvu ya kuua. Tena mguu unaokimbia gizani ni shabaha ndogo mno.

Kwenye shotigani (magazeti yetu huiandika "short gun", nayo ndefu kama mpini wa jembe) kuna jambo la marisau, yaani vipira vya risasi vilivyo ndani ya fataki. Fataki moja ya namba 12 yenye marisau makubwa ya kawaida ina kama tisa, kila moja milimita nane na ushee. Hesabu ya mkono ni kwamba husambaa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kwenye mita 30, huo ni mduara wa sentimita 75, wakati mgongo wa mtu mzima una kama 45. Yaani hata ukilenga sawasawa, baadhi ya marisau yanampita. Yanakwenda kwa nani? Kwa jirani aliyetoka kuitikia yowe lako mwenyewe.

Wasomaji walioko nje waangalie sheria za huko. Kenya, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaurudisha ulinzi wa nafsi na mali kwenye misingi ya "common law" ya Kiingereza, yaani sheria inayotokana na hukumu za mahakama, na swali linabaki nguvu ya kadiri. Afrika Kusini, kesi ya Walters ya 2002 ilihusu baba na mwanawe waliompiga risasi mwizi aliyekuwa akikimbia kutoka kwenye duka lao la mikate. Mahakama ya Katiba ikaifuta sehemu ya sheria iliyokuwa ikiruhusu kumuua mtuhumiwa anayekimbia kwa makosa mengi, wizi ukiwemo. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua hivyohivyo kwa polisi mwaka 1985, baada ya kijana wa miaka 15 kupigwa risasi akipanda uzio mjini Memphis mwaka 1974. Texas ina kifungu chake kinachoruhusu zaidi kwa wizi wa usiku, na video nyingi za kwenye simu zinatoka huko. Hazina kazi hapa.

Ikitokea risasi imetoka, ukurasa wa nyuma unaanza. Usalama wa silaha kwanza: kidole nje, mdomo wa bunduki chini, hakuna kumfuata mtu nje ya ukuta. Majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Mtu wa pili aende kituoni kutoa taarifa na kuchukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), asisubiriwe. Mlinzi asimpige majeruhi wala asiruhusu watu wampige, maana kipigo hicho nacho kitahesabiwa kwake. Maganda ya risasi yabaki yalipoangukia. Panga la mwizi nalo, lisisogezwe karibu naye ili hadithi ipendeze. Vumbi na damu husema lilikokuwa.

Mtu akifa, shtaka la kwanza mara nyingi huwa mauaji, ambalo halina dhamana. La kuua bila kukusudia linadhaminika. Kwa hiyo maelezo ya onyo, yale ambayo mtuhumiwa huandikisha polisi baada ya kuonywa, ni mlango mkubwa. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni saa nne tangu kushikiliwa, unaweza kuongezwa kwa utaratibu, na mlinzi ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Namba ya wakili tumeibandika nyuma ya kitambulisho, si ofisini kwa msimamizi ambaye saa nane usiku amelala.

Kitabu cha lindo huandikwa kabla ya hayo yote: jina, namba ya silaha, idadi ya risasi wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi, kwa tarakimu na kwa maneno, saini mbili. "5 (tano)." Ikiandikwa "zipo kamili" ninakirudisha.