Ndugu amelazwa nchi ya mbali, hujui ni hospitali gani

Leo nimewaza sana juu ya zile saa za mwanzo, simu yake inapoita bila kupokelewa na kilichofika nyumbani ni tetesi tu kwamba amelazwa. Familia nyingi hukaa zikisubiri ubalozi uwapigie. Nawasihi, msisubiri. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unazitaka mamlaka ziujulishe ubalozi raia wake anapofariki, au aliyekamatwa anapoomba ujulishwe. Mgonjwa wa kawaida aliyelazwa hayumo katika sharti hilo. Basi huenda ubalozi haujui lolote mpaka ninyi muwaambie.

Kwanza, punguzeni kumpigia mfululizo, maana mnaimaliza betri yake. Tumeni ujumbe mmoja mfupi kwa lugha ya nchi aliko: "Mimi ni dada yake. Tafadhali nipigie," kisha namba yenye alama ya + na msimbo wa nchi. Kwenye simu nyingi ujumbe huo huonekana hata kioo kikiwa kimefungwa, na muuguzi anaweza kuusoma simu ikiwa juu ya kabati kando ya kitanda.

Kisha jina. Hapa ndipo ningependa kila mtu atulie, kwa sababu utafutaji mwingi hukwama hapa. Nyumbani mnamjua kwa jina mnalomwitia. Hospitali inamjua kwa kilichochapwa kwenye utepe aliofungwa mkononi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa. Karani wa usiku huona majina matatu kwenye pasipoti akalichukua la kati kuwa la ukoo. Herufi moja ikaruka. Mama kaandikishwa kwa jina la mume, ninyi mnauliza kwa jina la baba. Shikeni nakala ya pasipoti, mtaje herufi moja moja, halafu mligeuze jina kwa kila mpangilio. Mkijibiwa "hayupo," msikate simu; ombeni watafute kwa tarehe ya kuzaliwa, na mwezi mwutaje kwa jina lake, kwani 04/07 kwa Mmarekani ni Aprili, na kwa wengine wengi ni Julai. Aliyefikishwa bila fahamu na bila karatasi huandikwa kwa jina la muda. Hapo ulizeni kama wana mgonjwa asiyetambuliwa, mkieleza umri, kimo, makovu na meno yaliyong'olewa.

Anzeni na hospitali zenye idara ya dharura karibu na mahali alipoonekana mwisho. Namba za dharura hazitawasaidia mkiwa nje: 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, lakini ukiipiga kutoka kwingine haikufikishi huko. Tafuteni namba ya mapokezi ya hospitali yenyewe.

Usiri wa mgonjwa huwaumiza wengi, nami naona una haki yake. Marekani, kanuni za faragha zilizotokana na sheria ya HIPAA ya 1996 zinairuhusu hospitali kumwambia anayeuliza kwa jina mahali mgonjwa alipo na hali yake kwa ujumla, isipokuwa mwenyewe amekataa. Kwingine wanaweza kukaza zaidi. Mkikataliwa, badilisheni ombi: waambieni hamhitaji habari zozote, ila kama yupo, afikishiwe namba yenu. Ombi la namna hiyo ni jepesi zaidi kwao kulikubali.

Akishapatikana, mtu mmoja tu awe msemaji wa familia, na asipige wakati wauguzi wanakabidhiana zamu. Atume ukurasa mmoja: maradhi ya kudumu, mzio, dawa. "Kidonge cha presha" hakimsaidii daktari. "Amlodipine miligramu 5, mara moja kwa siku" kinamsaidia. Bima ya safari ijulishwe mapema, kwani nyingi hutaka kuidhinisha matibabu makubwa kabla hayajafanyika. Pokeeni namba ya faili na mwandike jina la mliyezungumza naye. Ubalozi kwa kawaida haulipi bili. Akitokea mtu kwenye simu anayetaka fedha zitumwe sasa hivi ndipo mgonjwa apasuliwe, kateni, mpige hospitali kwa namba mliyoitafuta wenyewe.

Safari ya kurudi huharakishwa mno. Ndani ya ndege hewa ni pungufu kama ya mlima wa hadi mita 2,400, na gesi iliyonaswa mwilini hupanuka kwa karibu theluthi. Ndiyo maana mwenye hewa iliyovuja kifuani, au aliyetoka kupasuliwa tumbo, huambiwa angoje. Plasta ngumu ya mfupa isiyotimiza saa 48 huenda ikahitaji kupasuliwa kwa urefu ili mguu ukivimba damu ipite. Shirika la ndege litataka fomu iliyojazwa na daktari anayemtibu. Machela huchukua viti kadhaa na huombwa mapema, na oksijeni pia hupangwa nao mapema, hamwezi kupanda na mtungi wa wodini.

Kabla hajatoka, chukueni ripoti ya kuruhusiwa, orodha ya dawa alizopewa na picha za eksirei au za skani kwenye diski. Zisafiri kwenye mkoba wa mkononi. Mkiziacha, mtaziomba kwa fomu yenye saini ya mgonjwa, mkiwa mbali, na daktari mpya anazisubiri.