Ubishi wa magari ya petroli na ya umeme, Buzuruga, Mwanza

Jana kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Dogo mmoja wa bodaboda kasikia Ethiopia walipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, anataka na sisi tufanye hivyo. Mzee wa Hiace akamkata: "Kijana, chaji ikiniishia Usagara na abiria wamejaa, utanisukuma wewe?" Kijiwe hoi!

Mimi naegemea kwa mzee. Ethiopia wana umeme mwingi wa maji, na kuagiza mafuta kunawamalizia dola. Sisi nasi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, ila umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, kutulia kwenye soketi yako Igoma ni jingine. Halafu Ulaya walipoweka 2035 kuwa ukomo wa kuuza magari ya petroli na dizeli, walilenga magari mapya. Mapya, jamani! Hapa nani kanunua gari jipya? Tunasubiri mitumba ya Japani.

Kwenye bodaboda lakini dogo yuko sahihi. Betri ni ndogo, na safari zake nyingi ni za mjini humuhumu. Serikali ianzie hapo, ipunguze kodi kabla ya kuwaza marufuku. Mzee wa Hiace imwache kwanza.