Jinsi nilivyopata mfumo wa tovuti ambao katibu wetu anauendesha mwenyewe

Tovuti ya ushirika wetu wa wafuga nyuki iliandikwa kwa HTML tupu, yaani msimbo wa kurasa za wavuti ulioandikwa kwa mkono. Bei ya asali ikibadilika, tulimsubiri fundi. Naye akiwa safarini, wateja waliendelea kusoma bei ya msimu uliopita.

Nilisakinisha WordPress, Joomla na Drupal, mifumo mitatu ya kuendesha tovuti bila kuandika msimbo, kwenye kompyuta yangu kupitia XAMPP, programu ya kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kulipa chochote, kwani zote ni programu huria. Kipimo kilikuwa kimoja: katibu, aliyezoea simu na barua pepe tu, aweke tangazo lenye picha bila msaada wangu. Nguvu ya Drupal iko kwenye kupanga maudhui ya aina nyingi, kazi ambayo hatukuihitaji. Kwenye Joomla aliandika makala vizuri, ila akakwama kwenye kuiunganisha na menyu. Kwenye WordPress aliandika, akaburuta picha, akachapisha. Kihariri chake cha vipande, kilichoingia na toleo 5.0 mwaka 2018, kinamwonyesha aya na picha karibu kama msomaji atakavyoziona. Kwa anayeanza, hilo ni jambo kubwa mno.

Tulichukua programu ya WordPress.org, tukaiweka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, tuliyokuwa tukilipia tayari. Katibu nimempa nafasi ya mhariri, si msimamizi: anabadilisha kurasa zote, lakini hawezi kufuta plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti kazi) wala kubadili mwonekano. Plagini zenyewe ni chache, ya fomu na ya nakala rudufu. Sasa bei inabadilishwa siku ileile kikao kinapoipitisha.