Kabla ya kuuliza kamera ina bendi ngapi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu kamera za spektra, yaani zinazopiga picha ya kila sehemu ya mwanga peke yake, huanza na idadi ya bendi, yaani sehemu hizo. Mimi huwarudisha kwenye mchoro: unatafuta nini ndani yake?

Katika uhifadhi wa michoro, ninachokisaka zaidi ni mistari ya mkaa iliyochorwa kabla ya rangi kupakwa. Kaboni iliyomo kwenye mkaa hufyonza miale ya infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni, ilhali rangi nyingi huiachia ipite, basi mistari hujitokeza myeusi. Sensa ya silikoni, kama iliyomo kwenye kamera za kawaida, huona hadi urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1000 ukiiondolea kichujio kinachozuia infraredi. Kwa rangi nyingi nyekundu inatosha, na hata buluu ya Kimisri, iliyofifia hadi jicho haliioni, huionyesha: ukiimulika kwa mwanga wa kawaida, yenyewe hutoa infraredi karibu na nanomita 910. Inayoishinda ni azuraiti, buluu ya zamani iliyopakwa sana kwenye joho la Bikira Maria. Hapo utahitaji sensa ya InGaAs, iliyotengenezwa kwa indiamu, galiamu na aseniki badala ya silikoni, inayofika nanomita 1700. Ni ghali mno na pikseli zake ni chache, kwa hiyo mchoro mkubwa hupigwa vipande vipande na kuunganishwa. Kama huna mchoro wa namna hiyo, usiinunue.

Fedha inayobaki iende kwenye taa na lenzi. Napendelea kamera ya picha nyeusi na nyeupe pamoja na taa za LED ambazo kila moja hutoa sehemu nyembamba tu ya mawimbi ya mwanga, kwa sababu mchoro hupokea tu mwanga unaohitajika wakati huo. Taa za halojeni huuongezea mchoro joto bure. Lenzi nayo iwe imesahihishwa kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Ya kawaida hupoteza fokasi unapobadili wimbi, na ukiirekebisha, ukubwa wa picha hubadilika kidogo, hata picha za mawimbi tofauti zikakataa kulingana zinapowekwa juu ya nyingine.

Usisahau kibao cheupe cha rejea, ambacho kiasi cha mwanga kinachoakisi kinajulikana, katika kila picha. Bila hicho, picha za leo hazitalinganishwa na za miaka ijayo. Mafaili yatoke kama TIFF, muundo wa picha unaofunguka kwenye programu nyingi, si kwa muundo unaofunguka kwenye programu ya muuzaji pekee.

Halafu andaa ubao wako wa majaribio: chora mistari ya mkaa, ifunike kwa rangi zilizomo katika michoro unayoitunza, paka vanishi nusu yake. Mpe muuzaji aupige picha mbele yako. Akikataa, mimi sinunui kwake.