Mvua ya Novemba

Juzi nilishuka Mkoani, Pemba, nikapanda gari ya Wete. Msimu umekolea, kila uwanja umeanikwa karafuu. Wingu lilipotanda, utingo akamwambia dereva, "Zikirowa hizi, leo kuna watu watalia." Nikacheka peke yangu.

Baba na Ami wamezaliwa tumbo moja, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa makuti, na tangu uchaguzi wa 1995 walikuwa hawasemezani. Baba CUF, Ami CCM. Wala si wao tu. Pemba miaka ile watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Ukaja muafaka wa vyama hivyo wa 1999, ukafa. Ikaja Januari 2001, watu wakapigwa risasi, wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo ukatiwa saini muafaka wa pili. Baba aliisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima, akatoka kwenda kusali. Mlango wa uani ulibaki umekomewa.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu. Safari hii yakaitwa maridhiano. Nadhani muafaka ulishachakaa. Bibi aliposikia akauliza, "Na hawa wangu wanangoja nani awaite Ikulu?"

Haikupita wiki nyingi. Adhuhuri, wadogo zangu wako skuli, Mama yuko jikoni, mimi nachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, barazani. Karafuu za uwanjani zilishaanza kugeuka rangi, zimebakisha jua kidogo tu zikauke. Karafuu ikirowa hapo hupauka, na bei yake ndiyo imekwenda. Wingu likaja ghafla. Baba akarukia jamvi kubwa, lakini jamvi lile halikunjwi na mtu mmoja: ukinyanyua ncha hii, karafuu zinamwagikia kule. Nikawa natafuta viatu, mjinga mimi.

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Ami, kikoi na fulana, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu la sabuni. Hakutoa hata salamu. Akainama, akashika ncha ya pili. Baba akasimama anamtazama, matone yashaanza kumpiga mgongoni.

"Kunja bwana, zinarowa!"

"We ndiye unayevuta kinyume!"

Wakakunja. Wakabeba jamvi hadi ukumbini, wakarudi kwa la pili, na la tatu. Mvua iliposhuka sawasawa walikuwa wamekaa chini wanahema, wazee wawili, karafuu zimewanasa miguuni.

"Povu hilo," Baba akasema.

Ami akajifuta kwa ncha ya kikoi. Mama akaleta kahawa. Ya 1995 hayakutajwa, si siku ile wala baadaye, na sijui kama hayo ndiyo maridhiano au ni uchovu tu.

Tarehe 31 Julai 2010, kwenye kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, walipanga foleni moja. "Ndiyo" ikapata asilimia 66.4. Wao walipiga nini, hawakuambizana.

Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulipofutwa, mlango wa uani ukakomewa tena. Mama akapeleka sahani ya muhogo wa nazi kwa kuzungukia njiani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ile ilirudi tupu.

"Angalau ameiosha," Mama akasema.